Kupima miombo ya Lubumbashi kwa rada ya ndege: kutoka kiwanja cha hekta moja hadi ramani ya tani

Rada haipimi uzito wa miti. Inatuma wimbi la redio, kisha inapokea mwangwi uliorudishwa na matawi, mashina na udongo. Uzito tunaukadiria sisi, kwa kulinganisha mwangwi huo na miti iliyopimwa kwa mkono. Kazi hii basi ina miguu miwili, mmoja wa angani na mmoja wa ardhini, na ikianza kuchechemea, mara nyingi mguu mgonjwa ni ule wa ardhini.

Mwongozo huu ni wa timu inayotaka kujua miombo inayouzunguka mji wa Lubumbashi imebaki na tani ngapi kwa hekta, na wachoma makala (makaa ya miti) wamefika wapi. Anayefanya kazi Bukavu au Goma ataweza kutumia sehemu kubwa ya haya, ila milima ya huko ina madai yake, na tutayataja panapohusika.

Chagua wimbi linalolingana na msitu

Wimbi fupi la bandi X, sentimita 3, huishia juu kwenye majani. Bandi C, sentimita 5.6, inazama kidogo tu. Bandi L, sentimita 24 hivi, inapita majani na kugonga matawi makubwa na mashina. Bandi P, sentimita 70 hivi, inashuka zaidi hadi kwenye mashina manene na ardhi.

Udhaifu wa bandi L unajulikana: msitu ukikaribia tani 100 kwa hekta, mwangwi unaacha kupanda hata miti ikiongezeka. Kwenye msitu mzito wa ikweta hiyo ni kasoro kubwa, na ndiyo sababu setilaiti ya Ulaya iitwayo BIOMASS, iliyorushwa tarehe 29 Aprili 2025, ilipewa bandi P ya megahezi 435. Lakini miombo si msitu wa ikweta. Sehemu kubwa ya miombo yetu, hasa ile iliyokwisha kukatwa mara moja au mbili, iko chini ya ukomo huo au jirani nao. Hapa bandi L inafanya kazi yake sawasawa. Usikubali kuambiwa kwamba bila bandi P hakuna kipimo. Palipo na muhulu, ule msitu mnene usiopukutika, ndipo bandi L itakuangusha, na hapo utaegemea urefu wa miti zaidi kuliko nguvu ya mwangwi.

Hakikisha rada inarekodi HH, HV, VH na VV, yaani mielekeo yote minne ya kutuma na kupokea wimbi (H limelala, V limesimama). HV, yaani wimbi linalotumwa likiwa limelala na kupokelewa likiwa limesimama, hutokana zaidi na fujo ya matawi, na ndiyo inayokwenda pamoja na biomasi, yaani ule uzito wa miti. HH hubeba pia mwangwi unaogonga ardhi kisha shina.

Ruka Mei au Juni

Udongo mbichi unang'aa kwenye rada. Mvua ikinyesha jana, shamba lililoachwa linaweza kuonekana kama kichaka, na dembo, yaani bonde la nyasi lisilo na miti, likijaa maji linavuruga kila kitu kando yake. Kwa hiyo Novemba hadi Machi haifai. Agosti na Septemba udongo ni mkavu, lakini miti mingi imepukutisha majani au inachipua upya, nyasi zimeungua mahali na kubaki mahali, na moshi, ingawa hauizuii rada, unamzuia rubani kuona. Mei na Juni mvua imekwisha, majani yapo, moto wa nyika bado ni mchache. Tunashauri siku 10 bila mvua kabla ya kuruka, na sampuli za unyevu wa udongo zichukuliwe kwenye viwanja siku ile ile ya ndege.

Viwanja vya ardhini

Tumia viwanja vya mita 100 kwa 100, kila kimoja kikigawanywa vipande 25 vya mita 20 kwa 20. Wengi hujaribu kubana gharama kwa viwanja vya mita 20 kwa 20 peke yake. Kwa rada hilo ni kosa, na sababu yake ni ya jiometria. Rada inatazama kwa mshazari, kwa hiyo kilele cha mti kinaonekana kimesogea kuelekea ndege. Mti wa mita 15 ukitazamwa kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka wima, kilele chake kinasogea mita 15. Kwa nyuzi 30 kinasogea mita 26. Kiwanja cha mita 20 kinakuwa kimejaa vilele vya miti ya jirani. Hata kwa hekta nzima, chagua mahali ambapo msitu wa aina ile ile unaendelea angalau mita 30 nje ya kila ukingo.

Gawanya viwanja kufuatana na hali ya msitu, siyo kufuatana na barabara. Mpango unaotosha ni viwanja 40: vitano kwenye madembo na maeneo matupu, kumi kwenye mashamba yaliyoachwa na machipukizi machanga, kumi kwenye miombo iliyokatwa makala na kurudi, kumi kwenye miombo iliyokomaa, vitano kwenye muhulu. Madembo yanaonekana kama upotevu wa siku, kwa kuwa hakuna cha kupima. Bila hayo, mlinganyo wako hautajua sifuri inaonekanaje. Kuchagua mahali kwanza, pakua ramani za kila mwaka za bandi L za shirika la Japani JAXA, ambazo ni za bure: thamani ya pikseli izidishwe kwa yenyewe, chukua logi ya 10, zidisha kwa 10, toa 83.0, utapata desibeli za HV, yaani kipimo cha nguvu ya mwangwi. Ndizo zitakazokuonyesha palipo hafifu na palipo pazito kabla hujakodi gari.

Fika kwanza kwa chifu wa kijiji. Mweleze kwamba ndege itapita, kwamba haipigi picha za nyumba wala haitafuti madini, na kwamba vijana wake ndio watakaoongoza upimaji. Ukanda wa madini una hofu zake za haki, na alama za kona za viwanja zilizowekwa bila kuaga hung'olewa.

Ndani ya kiwanja, pima kila shina kuanzia kipenyo cha sentimita 5, kwenye urefu wa mita 1.30. Kiwango cha sentimita 10 kilichozoeleka kwenye misitu ya ikweta kinatupa sehemu kubwa ya machipukizi, na machipukizi ndiyo miombo ya leo kandokando ya Lubumbashi. Kisiki kilichotoa vichipukizi sita kina mistari sita kwenye daftari, chini ya namba moja ya mti. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.30 unapimwa kila tawi lake kama shina. Mti ulioota juu ya kichuguu, pima mita 1.30 kutoka udongo unaogusa shina lake, siyo kutoka chini ya kichuguu. Na kichuguu chenyewe kiandike mahali kilipo na urefu wake. Vichuguu vikubwa vya huku hufikia mita 5 na zaidi, na baadaye utaviona kwenye data ya urefu vikijifanya miti.

Urefu wa miti pima kwa kipimapembe ukiwa umesimama mbali kama mti ulivyo mrefu. Ukikaribia zaidi, unalenga tawi la mbele ukidhani ni kilele, na mti unarefuka kwenye karatasi tu. Si lazima miti yote. 50 kwa kiwanja, ikichukuliwa kutoka vipenyo vyote, inatosha kutengeneza uhusiano wa kipenyo na urefu.

Kisha geuza kuwa kilo. Mlinganyo wa Chave na wenzake wa 2014 unatumika kwa nchi za joto zote: biomasi kwa kilo ni 0.0673 mara (msongamano wa mbao × kipenyo² × urefu) kwa kipeo cha 0.976, kipenyo kikiwa kwa sentimita, urefu kwa mita, msongamano kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Mti wa sentimita 30, urefu mita 12, msongamano 0.7, unatoa kilo 411 hivi. Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara moja kabla ya kuamini jedwali la kompyuta. Wanaoingiza kipenyo kwa milimita hugundua wakiwa wamechelewa. Jina la mti ni muhimu kwa sababu ya msongamano: mutondo si mukula. Lipa mzee anayejua majina.

Kona za kiwanja zinahitaji kipokezi cha GPS cha masafa mawili, dakika 20 au zaidi kila kona, pamoja na kituo cha kudumu cha kulinganisha. Simu chini ya miti inakosea mita 5 hadi 10, na hiyo ni hadi sehemu ya kumi ya upande wa kiwanja. Andika kila kitu kwa mfumo mmoja wa kutaja mahali kwenye ramani: WGS84, UTM kanda ya 35 kusini.

Viakisi

Kiakisi ni pembe ya bati yenye nyuso tatu za pembetatu, ambayo inarudisha wimbi lilikotoka kwa nguvu inayojulikana. Bila hicho huwezi kujua kama rada ya leo inasoma sawa na ya jana. Kwa bandi L, tengeneza upande wa ndani wa mita 2.4. Nguvu yake, kwa kanuni ya 4π mara upande kwa kipeo cha nne, gawanya kwa tatu mara urefu wa wimbi kipeo cha pili, ni mita za mraba 2,400 hivi, yaani desibeli 33.8. Ukipunguza upande hadi mita 1.5 unashuka hadi desibeli 25.7, na kiakisi kinaanza kumezwa na mwangwi wa nyasi na miti.

Mafundi wa kuchomelea wa Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, wanakiunda vizuri, mradi uwape jambo moja la kusimamia: nyuso zikutane kwa nyuzi 90, kosa lisizidi nusu nyuzi. Nyuzi moja ya kosa kwenye bati la mita 2.4 inasogeza ncha sentimita 4, na hiyo ni sehemu ya sita ya wimbi. Badala ya bati zima, tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2. Rada inauona kama ukuta, upepo unapita, maji hayakusanyiki, na haumvutii anayetafuta bati la kuezekea. Hata hivyo weka mlinzi usiku.

Pembe ya kiakisi inatazama nyuzi 35 juu ya sakafu yake. Mahali ambapo rada inatazama kwa nyuzi 45 kutoka wima, inua sakafu mbele nyuzi 10. Kwa nyuzi 30, inua nyuzi 25. Kwa nyuzi 55, ilaze tambarare. Kielekeze upande wa njia ya ndege, kwa nyuzi 90 nayo. Weka vinne, kuanzia ukingo wa karibu hadi wa mbali, kila kimoja mahali pa wazi mita 50 kutoka miti, nyasi zikiwa zimefyekwa. Uwanja wa mpira wa kijiji unafaa, ukiomba.

Njia za ndege: hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka

Nguvu ya mwangwi peke yake inatoa ramani. Urefu wa miti unahitaji ndege ipite mara kadhaa kwenye njia zinazokaribiana, ili tofauti ya fezi (mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake) kati ya picha mbili iseme mwangwi ulitoka urefu gani. Umbali kati ya njia ndio uamuzi mkubwa kuliko yote.

Chukua ndege inayoruka mita 6,000 juu ya ardhi. Lubumbashi ni mita 1,250 hivi juu ya bahari, kwa hiyo ni mita 7,250, na ndege bila hewa ya kutosha ndani au oksijeni haikubaliki. Kati ya nyuzi 25 na 60 rada inaona upana wa kilomita 7.6. Kwa miti ya mita 15 tunataka fezi ikamilishe mzunguko mmoja kwa kila mita 40 za urefu. Katikati, nyuzi 45, hilo linadai njia mbili ziachane mita 25.

Ziachane kwenda wapi? Ukiziachanisha kwa ubavu, mzunguko wa mita 40 wa katikati unakuwa mita 15 tu kwenye ukingo wa karibu na mita 98 kwenye ukingo wa mbali. Huku miti mirefu inajirudia na kusomeka mifupi. Kule mti na kichaka vinafanana. Ukiziachanisha kwa kimo, moja juu ya nyingine, unapata mita 31 karibu na mita 57 mbali, na ramani nzima inafaa. Kwa hiyo: kwa kimo. Ruka njia sita, zikiachana mita 25 kila moja. Jozi za karibu zinatoa urefu wa msitu mzima; njia zote sita pamoja zinaruhusu tomografia, yaani kuchora msitu tabaka kwa tabaka, yenye uwezo wa kutenganisha tabaka za mita 8. Kwa miombo hiyo inaonyesha ardhi na taji la miti, siyo zaidi. Asiahidi mtu tabaka tano.

Kuruka chini, mita 3,000, ni rahisi kwa mafuta, lakini nafasi kati ya njia inapungua hadi mita 12.5 na upana wa picha hadi kilomita 3.8. Rubani stadi mwenye mfumo mzuri wa kuongoza ndege anabaki ndani ya mrija wa nusu kipenyo mita 5. Ndege ya UAVSAR ya NASA inafanya hivyo ikiwa zaidi ya kilomita 12 angani. Mita 5 za kuyumba ndani ya mita 12.5 zinavuruga mpango wote.

Kuyumba kunakojulikana kunarekebishwa. Kusikojulikana ndiko kunakoua: sentimita moja ya mwendo ambayo vyombo havikuiona ni fezi ya nyuzi 30, na nyuzi 30 ni mita 3.3 za urefu wa mti. Weka kituo cha GPS cha kulinganisha kwenye uwanja wa ndege wa Luano, kikirekodi mara moja kwa sekunde au zaidi, kianze nusu saa kabla ya ndege na kiishe nusu saa baada yake.

Uwanda wa Lubumbashi unaruhusu kutazama kutoka upande mmoja tu. Bukavu, kwenye miteremko ya Kahuzi-Biega, lazima utazame kutoka pande mbili zinazokabiliana, la sivyo nusu ya kila mlima inabaki kivulini.

Vibali

Anza miezi mitatu kabla. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (AAC) kwa ndege, ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, kwa masafa ya redio, jeshi kwa picha za angani, jimbo la Haut-Katanga kwa msitu. Chora mistari yako isivuke mpaka wa Zambia hata ndege inapogeuka.

Siku ya kuruka

Anza alfajiri, kabla upepo haujaamka. Mstari wa kilomita 20 kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde unachukua dakika tatu na sekunde 20. Pamoja na kugeuka, njia sita zinakamilika kama saa moja. Ruka zile jozi muhimu mfululizo.

Upepo una gharama inayohesabika. Msitu wa mita 15 uliotulia, kwa mzunguko wa mita 40, unatoa koherensi (kadiri picha mbili zinavyolingana, 1 ikiwa sawa kabisa) ya 0.78 hivi. Matawi yakiyumba na kuishusha kwa sehemu ya kumi, hadi 0.71, mlinganyo rahisi unasoma mita 18. Msitu haujakua, upepo umevuma, lakini tani zimepanda kwenye ramani. Ndiyo sababu mtu wa ardhini mwenye kipimo cha upepo anapaswa kuwa na redio ya kusema "simameni".

Kuchakata

Jizoeze kabla data yako haijafika. Gaboni kulifanyika kampeni ya AfriSAR ya kupima misitu kwa rada za ndege, ambako shirika la ONERA la Ufaransa liliruka 2015, na shirika la DLR la Ujerumani pamoja na NASA 2016. Data ya UAVSAR inapatikana bure, na programu za PolSARpro na Kapok zinaisoma.

Mpangilio ni huu: sahihisha mwendo wa ndege, tengeneza picha, soma viakisi na urekebishe desibeli, linganisha picha zote sita kwenye gridi moja kwa usahihi wa chini ya sehemu ya kumi ya pikseli, kisha rekebisha miteremko. Ramani ya mwinuko ya SRTM ya 2000 inatosha kwa kurekebisha mteremko wa uwanda. Haitoshi kuwa ardhi ya kutolea urefu wa miti, kwa kuwa rada yake ya bandi C iliishia ndani ya taji.

Picha itakuwa na chengachenga. Wastani wa vipimo huru 100 unabakiza kosa la asilimia 10, vipimo 400 asilimia 5. Piga wastani kwa nguvu halisi, kisha ndipo ugeuze kuwa desibeli. Wanaopiga wastani wa desibeli wanashusha msitu wao bila kujua, na wanaushusha zaidi palipo na miti michache iliyotawanyika, yaani hasa palipochomwa makala.

Barabara ya kurukia ndege ya Luano ni mtihani mzuri: lami laini inapaswa kuwa nyeusi kwenye HV. Iking'aa, bado kuna kelele au urekebishaji mbovu wa desibeli.

Kutoka mwangwi hadi tani

Kwa kila kiwanja sasa una namba tatu: HV kwa nguvu halisi, urefu kutoka jozi za njia, na tani zilizopimwa ardhini. Weka viwanja kumi pembeni, kutoka aina zote za msitu, na mwenye kutengeneza mlinganyo asivione. Tumia vilivyobaki 30. Anza na HV peke yake, kisha ongeza urefu. Kwenye machipukizi HV inatosha. Kwenye miombo iliyokomaa urefu ndio unaobeba. Na kwenye muhulu, kama HV imelala tambarare kwenye mchoro, iache.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu. Mkata makala mara nyingi anaacha miti michache mirefu ya matunda au ya kivuli. Urefu unasema msitu umekomaa, HV inasema ni mwepesi. Viwili vikigombana hivyo, usichukue wastani: weka alama kwenye pikseli hizo na tuma watu wakaangalie.

Jaribu mlinganyo kwenye vile viwanja kumi na uandike kosa kwa tani, kwa kila aina ya msitu peke yake. Kosa moja la jumla linaficha muhulu nyuma ya madembo.

Ramani ikabidhiwe kwa pikseli ya hekta moja, mfumo ule ule wa UTM 35 kusini, ikiwa na tabaka la pili la kosa na la tatu la pikseli zilizozidi ukomo wa bandi L. Anayetaka kaboni azidishe tani kwa 0.47. Daftari za viwanja, pamoja na namba za mashina, zihifadhiwe nakala mbili mahali tofauti, na nakala ya karatasi ya kila kiwanja irudishwe kwa chifu wa kijiji chake.